Kisanduku cha Nne

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, tena nyembamba, ukiiweka kwenye mwanga unaona kidole chako upande wa pili. Lakini asikudanganye mtu: mwanamume aliyekaa nayo mezani, mwenye mabega ya kubebea mitungi ya gesi, alikuwa akiiogopa kuliko alivyowahi kuogopa moto. Kalamu alikuwa nayo. Kuandika alijua. Alichokosa ni moyo.

Kiwandani walimwita Msaidizi, kwa sababu ndivyo kibali chake kilivyosema, na sisi tumwite hivyohivyo, tusije tukajifanya tunamjua kuliko serikali. Kibali hicho kilikuwa kimebakiza siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, asipopata kingine, angekuwa mtu asiyeruhusiwa kushika hata ufagio katika nchi ile ya watu, na mtu wa namna hiyo husindikizwa hadi mpakani na faili lake kupigwa wino mwekundu. Faili likishapigwa wino huo, mwenyewe harudi tena, awe na udhuru wa namna gani.

"Soma tena," akasema shemeji yake, aliyekuwa amelala chali kitandani. "Polepole. Usisome kama unakimbizwa."

Shemeji huyu alikuwa mume wa dada yake, dada wa tumbo moja. Chumba kilikuwa chao wawili: vitanda viwili, meza moja, jiko la umeme la sahani moja, na dirisha lililoangalia ukuta wa jirani. Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, miaka kumi na mitano ugenini, mtu wa makamo mwenye maneno mengi na usingizi kidogo. Kwake hakuna jambo lisilofaa kutaniwa. Msaidizi alimpenda, na siku hizi alimwogopea, na kumwogopea mtu unayempenda ni kazi isiyo na likizo.

"'Chagua njia moja tu,'" Msaidizi akasoma. "'Atakayechagua njia asiyoistahili, ombi lake litakataliwa, na hataruhusiwa kuomba kwa njia nyingine.'"

"Njia mbili zilimshinda fisi," shemeji akasema. "Wewe wamekuwekea nne. Haya, endelea."

Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha msaidizi chini ya mwajiri. Hicho alikijua, ndicho alichokuwa nacho: bosi anatia saini, wewe unafagia, unabeba, unashikilia chuma fundi achomelee. Ukigombana na bosi, kibali kimekufa. Mke na mtoto hawaruhusiwi kukufuata. Na kiliweza kuongezwa mara moja tu, mwaka mmoja, basi, baada ya hapo kwaheri.

Kisanduku cha pili kilikuwa cha fundi aliyepimwa. Hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Unaingia karakana ya serikali, unapewa chuma, unachomelea mbele ya mkaguzi. Ukipita unapata namba yako mwenyewe, kibali cha miaka mitano, na ruhusa ya kumwita mke na mtoto. Ukianguka, umeanguka, na kisanduku cha kwanza hakirudi kukuokota.

Cha tatu kilikuwa cha jamaa wa mkaazi, yaani mke, mume, mtoto au mzazi.

"Na shemeji?" shemeji akauliza, kama alivyouliza kila mara.

"Hayumo."

"Serikali isiyojua shemeji inajua nini sasa?"

Na cha nne kilikuwa cha kurudi kwa hiari. Unakirudisha kibali kwa mkono wako, faili linafungwa likiwa safi, hakuna tena wa kulifungua, unapewa siku thelathini za kufunga mizigo. Hicho walikicheka siku zote. Shemeji alisema ni kisanduku cha wenye akili, ndiyo maana hajawahi kumwona mtu aliyekijaza.

Siku hiyo Msaidizi hakucheka. Ilikuwa Jumapili, na asubuhi mkewe alikuwa amempigia simu. Mtoto wao, aliyemwacha akiwa wa miezi saba, sasa alikuwa na miaka minne, na alikuwa amemwuliza mama yake kama baba ni mtu kweli au ni wa kwenye simu tu. Mkewe alilisimulia huku anacheka. Halafu kicheko kikakatika, akasema, "Mwaka mwingine kama huu mimi siuwezi." Hakusema angefanya nini. Hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu yule hakuwa mwanamke wa kutishia. Alikuwa mwanamke wa kufanya.

"Weka cha pili," shemeji akasema.

"Nikiweka cha pili, wewe je?"

Shemeji akageukia ukutani. "Mimi nina namba yangu. Usinitie kwenye hesabu zako."

Hapa inabidi niwaeleze jambo, maana bila hilo mtamwona Msaidizi mwoga bure. Pale kiwandani walitengeneza matangi makubwa ya maji na ya mafuta. Kila fundi wa kuchomelea alikuwa na muhuri mdogo wa chuma wenye namba, na kila alipomaliza mshono wa kuunganisha mabamba aliugonga muhuri huo kwa nyundo pembeni yake, ili tangi likivuja ijulikane nani wa kuulizwa. Namba ya shemeji ilikuwa arobaini na moja. Ilikuwa namba ya heshima. Hakuna tangi la arobaini na moja lililowahi kuvuja hata tone.

Lakini kwa miaka miwili sasa mikono ya arobaini na moja haikuwa ya shemeji. Macho yake yalikuwa yameisha. Moto wa kuchomelea huyala taratibu: kwanza unahisi mchanga, kisha ukungu, kisha unaona kingo za vitu tu, katikati pana doa jeupe. Hakuweza tena kusoma. Kiungo cha chuma hakukiona. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo wao, na masikio yake yalikuwa makali mpaka yanakera. Ungemega biskuti nje ya mlango angekuuliza kama umebakiza. Na fundi asiyeona kiungo hana namba, na asiye na namba hana kibali. Kwa hiyo wakafanya walichofanya.

Nyuma ya pazia la turubai linalozuia mwanga, mtu akishateremsha kofia ya kuchomelea usoni, nani anajua aliye ndani ni nani? Msaidizi alichomelea. Shemeji alisimama kando akisikiliza moto ukikaanga kama mafuta, na ukikaanga vibaya alimgusa bega. Kisha aligonga muhuri kwa kupapasa. Bosi alijua, akanyamaza, maana alikuwa amejipatia fundi hodari kwa mshahara wa mfagiaji.

"Siku za mwizi ni arobaini," shemeji alinong'ona kila alipogonga namba. "Sisi tumeshapitiliza kwa siku moja."

Msaidizi hakuona cha kuchekesha hapo. Kila mlango wa karakana ulipofunguliwa, alizima moto mpaka ajue nani kaingia. Dada yake hakujua lolote. Siku Msaidizi alipoondoka nyumbani, dada alimvuta pembeni akamwambia, "Umwangalie huyu mtu wangu. Ni mbishi, hasemi akiumwa." Alikuwa akimwangalia kweli, ila si kwa namna aliyotumwa.

Sasa mmeiona njia panda yake. Akichukua cha kwanza, ni mwaka mwingine wa kuiba kwa woga, mke hana subira ya mwaka mwingine, na mwisho wake wote wawili watafukuzwa. Akichukua cha pili akapita, atagonga namba yake kwenye kazi yake, na arobaini na moja atabaki na nani? Hakuna kisanduku kilichosema watu wawili.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini, akakaa kwenye foleni tangu saa moja, fomu ikiwa ndani ya bahasha pamoja na fomu ya akiba, endapo angeharibu ya kwanza. Alipofika dirishani, kisanduku kilikuwa bado kitupu. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Aliitazama fomu, akamtazama mwenye fomu.

"Hujachagua."

"Nilikuwa nataka kuuliza, mama. Mtu kama mimi, ipi inafaa?"

"Mwanangu, nikikuchagulia mimi, ukikwama utasema ni mimi. Nyuma yako kuna watu sitini."

Alishika kalamu. Kijasho chembamba kikamtoka, kikadondoka kwenye karatasi, karibu kabisa na kisanduku cha kwanza, na kwa sekunde moja akataka kuamini hiyo ni ishara. Halafu akamkumbuka mtoto anayeuliza kama yeye ni mtu kweli. Akaweka tiki kwenye cha pili, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Karani akagonga muhuri. "Alhamisi saa tatu, karakana ya upimaji. Viatu vya ngozi. Utapewa nafasi mbili. Ya kwanza ikiharibika, unayo ya pili. Ya pili ikiharibika, una siku kumi na nne."

"Za kufanya nini?"

"Za kuaga," akasema, akamwita wa nyuma yake.

Habari zilifika kiwandani kabla yake. Jumanne bosi alimwita kwenye kijichumba chake cha vioo, akamfungia mlango kwa upole, na upole wa bosi ni wa kuogopwa.

"Umechagua ufundi. Hongera," akasema. "Nina swali dogo tu. Kibali chako kinasema unafagia. Mkaguzi akikuuliza umejifunzia wapi kuchomelea, utamjibu nini?"

Wallahi, Msaidizi hakuwa amelifikiria hilo.

"Mimi nitasema sijui kitu," bosi akaendelea. "Nitasema mlinidanganya, wewe na shemeji yako. Nilitaka tu ulijue hilo mapema."

Siku ile alifagia karakana mara tatu. Shemeji alipotaka waingie nyuma ya pazia, alisema tumbo linamuuma.

Jumatano jioni, wakiwa wamemaliza kula, shemeji hakutania. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu baridi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshikana magotini.

"Mkaguzi wa kesho ni yuleyule anayekuja kupima matangi yetu," akasema. "Yule mzee mfupi. Ana jicho yule. Anaijua mishono yetu kama mama anavyowajua wanawe kwa kukohoa. Kwa hiyo nisikilize, shem. Kesho usichomelee kama wewe. Chomelea vibaya kidogo. Si vibaya vya kuanguka. Vibaya vya kusahaulika."

"Na fundo?"

"Fundo usilifunge kabisa."

Fundo lilikuwa hivi. Shemeji ni mtu wa mkono wa kushoto. Alipofika mwisho wa mshono hakuinua tu kijiti cha kuchomelea. Alirudi nyuma kidogo, akazunguka upande wa kushoto, kama mama anayefunga ncha ya uzi ili nguo isifumuke, moto ukafa taratibu na chuma kikapoa bila kupasuka. Ndivyo alivyomfundisha Msaidizi. Na Msaidizi, ingawa ni mtu wa mkono wa kulia, alijifunza kama alivyoona, fundo lake nalo likaenda kushoto. Ufundi huigwa pamoja na kasoro zake, na huyu hakuwahi kuwa na mwalimu mwingine.

"Mzee akiliona lile fundo," shemeji akasema, "tumekwisha wote wawili."

Basi Alhamisi ikafika, kama siku zote mbaya zinavyofika, kwa wakati.

Karakana ya upimaji ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyofagiwa mno. Palikuwa na meza ya chuma, mashine ya kuchomelea, na mwishoni mashine ya kukunja yenye mpini mrefu. Mkaguzi alivaa shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Hakusalimia kwa maneno, aliitikia kwa kichwa tu. Kama alimkumbuka yule mfagiaji wa kiwandani, hakuonyesha.

Alimpa vipande viwili vya bamba. "Viunganishe. Kisha nitavikunja. Visipopasuka, umepita."

Msaidizi akateremsha kofia usoni. Humo ndani kulikuwa giza, na alisikia pumzi zake mwenyewe zikienda mbio. Akawasha moto. Mkono ulijua njia, ukataka kwenda, naye akawa anauzuia kama mtu anayevuta mbuzi: polepole hapa, haraka pale, tikisika kidogo, usipendeze. Alipofika mwisho akainua kijiti ghafla, bila fundo. Moto ukazimika, puu. Akaligonga kwa nyundo ganda lililofunika mshono, akasugua kwa brashi ya waya. Mshono ulikuwa wa kawaida kabisa, mshono wa mtu yeyote. Akajipongeza moyoni.

Bamba lilipopoa, mkaguzi akalitia kwenye mashine, akauvuta mpini. Chuma kikaanza kujikunja. Kikajikunja nusu. Kisha kikalia, sauti ndogo kama ya ukucha kukatika, na ufa ukafunguka mwishoni mwa mshono, palepale pasipofungwa fundo.

"La pili," mkaguzi akasema.

Nakwambieni, kuna hofu ya kumfanya mtu akimbie, na kuna hofu ya kumfanya mtu akae. Hii ilikuwa ya kukaa. Alivitazama vipande viwili vya mwisho mezani na akaelewa alipo: asipofunga fundo, chuma kitapasuka, na atakuwa na siku kumi na nne za kuaga. Akilifunga, litashika, na mzee huyu ataliona. Hakukuwa na mshono wa kumwokoa yeye na shemeji kwa pamoja.

Sitawadanganya kwamba alimfikiria shemeji kwanza. Alimfikiria mtoto. Kisha akamfikiria mkewe na ile sauti iliyokatika. Dada yake alikuja wa mwisho, amesimama mlangoni, anasema umwangalie, na Msaidizi akafanya jambo ambalo hata leo hapendi kulisimulia: akateremsha kofia ili asimwone.

Akachomelea kama anavyojua. Mkono ukaachiwa, ukaenda. Moto ukakaanga vizuri, laini, bila kurukaruka, na kwa mazoea akangoja kuguswa bega, lakini hapakuwa na mtu. Alipofika mwisho akarudi nyuma kidogo, akazunguka kushoto, akafunga.

Mkaguzi alilikunja bamba lile mpaka likawa kama kiatu cha farasi. Halikulia. Akalitoa, akalipeleka dirishani penye mwanga, akaligeuza. Akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena. Msaidizi alisimama akiwa na kofia mikononi.

"Unatumia mkono upi?" mkaguzi akauliza.

"Wa kulia."

"Fundo hili ni la mtu wa shoto."

Msaidizi akaiweka kofia mezani.

"Nani kakufundisha?"

"Shemeji yangu."

"Naye ana namba?"

Angeweza kutaja namba yoyote. Zilikuwa zaidi ya sitini. Lakini mdomo nao una mazoea yake. "Arobaini na moja," akasema.

Mzee akaliweka bamba mezani. "Nimekagua matangi yenu miaka mingi," akasema, taratibu, kama anayezungumza na bamba. "Mshono wa arobaini na moja ulikuwa unalalia kushoto, na fundo kushoto. Miaka miwili iliyopita ukaanza kulalia kulia. Fundo likabaki kushoto. Nikajiuliza, mtu hubadili mkono uzeeni?"

"Mzee, naomba nikueleze..."

"Usinieleze. Ukinieleza itabidi niandike." Akachomoa kalamu moja, akatia saini karatasi ya Msaidizi, akaisogeza. "Hii ni yako, umeipata kwa mkono wako. Jumatatu nitakuja kiwandani, nami nitataka kumwona arobaini na moja akichomelea mbele yangu, pazia likiwa wazi. Nikikuta anachomelewa, nitatafuta na aliyemchomelea." Akavua miwani. "Lakini namba ikisharudishwa kabla ya hapo, mimi sina cha kukagua. Chukua bamba lako. Mafundi hupenda kuliweka."

Msaidizi alitoka na karatasi mfukoni na chuma kwapani. Alikuwa amepita. Alipaswa kumpigia mkewe hapohapo nje ya geti, na simu alikuwa nayo mkononi, lakini alitembea mpaka nyumbani bila kuipiga. Kila hatua alitunga namna ya kulisema, na kila alilolitunga lilimfanya aonekane alivyokuwa.

Alipofungua mlango, shemeji alikuwa amekaa mezani, uso umeelekea mlangoni, jua la alasiri likimwangukia begani. Siku ile hakuwa ameenda kazini.

"Umepita," shemeji akasema kabla hajasalimiwa. "Unatembea kama mtu mwenye kosa."

Msaidizi akaliweka bamba mezani. Shemeji akalipapasa, akaufuata mshono kwa kidole gumba, mwanzo mpaka mwisho. Kidole kikafika kwenye fundo, kikasimama.

"La kwanza lilipasuka, shem," Msaidizi akasema. "Nililichomelea kama ulivyonituma, likapasuka mwishoni. Nilibakiwa na moja. Nisamehe. Nilijua ataona, na nikafunga."

Shemeji akalizunguka fundo kwa kidole, kuelekea kushoto.

"Fundi gani humwambia mwenzake asifunge?" akasema mwishowe. "Miaka yote nimekwambia usiache mwisho wazi, halafu jana nikakutuma uuache. Nilikuwa naogopa, shem. Nilikuwa nakuombea upite, na hapohapo nakuombea uanguke, tubaki kama tulivyo. Mimi ndiye wa kusema nisamehe."

Msaidizi hakuwahi kumsikia akisema neno hilo, kuogopa. Alidhani woga wote wa chumba kile ulikuwa wake.

"Amesemaje mzee?"

Akamweleza yote: Jumatatu, pazia wazi, na lile la namba kurudishwa.

"Basi mzee ni mstaarabu," shemeji akasema. "Ametupa Ijumaa nzima. Ile fomu ya akiba unayo?"

"Ninayo."

"Itoe. Unisomee."

Msaidizi akaitoa kwenye bahasha, akainyoosha mezani kwa kiganja. "'Chagua njia moja tu,'" akasoma.

"Cha nne," shemeji akasema. "Ndicho cha wenye akili. Faili langu lifungwe likiwa safi, lisije likafunguliwa likakutia wewe ndani. Andika jina langu, andika namba, weka tiki. Mimi kisanduku sikioni."

"Dada nitamwambia nini?"

"Mwambie ulikuwa unaniangalia. Mengine nitamweleza mwenyewe nikifika."

Msaidizi akaandika jina. Akaandika arobaini na moja. Kalamu ikafika kwenye kisanduku cha nne, kidogo kuliko kucha, na mkono ukagoma. Jumatatu alikuwa ameweka tiki yake kwa sekunde moja. Hii haikwenda.

"Umeweka?" shemeji akauliza.

"Nimeweka."

"Sijaisikia kalamu."

Basi akaweka. Shemeji alisikia mkwaruzo wake kwenye karatasi, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama lile sanduku lake kubwa bado liko chini ya kitanda au walimwazima mtu.